Siku Nilipomnyoa Mdogo Wangu

Mimi nina wivu, na nalisema mapema ili nisije nikasingiziwa kwamba nilificha. Si wivu wa mume. Mume wangu aende anakotaka, njaa ikimuuma atarudi. Wivu wangu ni wa mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu, niliyemtangulia kwa miaka saba. Tulizaliwa wawili tu. Wenzangu wana ndugu sita, saba, wivu wao wanaugawa huku na huku. Wangu wote ulimwangukia mtu mmoja.

Nina saluni Kirumba, karibu na barabara inayoshuka soko la samaki la Mwaloni. Upepo wa mchana ukigeuka, mteja wangu anaondoka amependeza kichwani huku ananukia dagaa, na hakuna mafuta ya nywele yanayoweza kushindana na dagaa. Mimi niliishia darasa la saba. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha ufundi, akajifunza kuendesha mitambo mikubwa. Siku alipomtumia mama picha akiwa mafunzoni, amesimama kando ya gari la mgodini, tairi limempita urefu, mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaizungusha simu kwa majirani wote wa Nyakato. Mimi nimesuka vichwa vya nusu ya Nyakato hiyohiyo, na sikumbuki mama kumwonyesha mtu hata kimoja.

Halafu ana miguu. Ana miguu yenye vinyweleo, vile vyeusi vinavyolala vizuri kwenye ngozi, na hapa kwetu mwanamke wa namna hiyo akipita wanaume wanageuza shingo. Yangu mitupu kama chupa ya soda. Najua ni upuuzi mtu mzima kuona kijicho kwa sababu ya vinyweleo vya miguuni, lakini nimeamua kusema yote, basi na hilo nimelisema.

Mwaka ule kabla mama hajaanza kuumwa, mdogo wangu alikuwa hana kazi, akaja kunisaidia saluni msimu wa Krismasi. Msimu ule msusi hakai. Tunaanza asubuhi, tunasimama mpaka miguu inavimba, mgongo unawaka moto, vidole vinakufa ganzi, na bado kuna wanawake wanne kwenye benchi wanakutazama kwa hasira. Wabeba mizigo wa kule chini sokoni walikuwa na dawa yao ya kuwasimamisha: tramadol, vidonge vya maumivu makali, vya kuandikiwa na daktari, lakini wao waliviandikiana wenyewe. Mimi nilikuwa na mtu wangu wa kuniletea. Nilikuwa nameza, nikampa na yeye.

Siku ya kwanza alikataa. Nikamwambia, "Meza bwana, au unataka wateja wasuke wenyewe?" Akameza. Tukaendelea hivyo, Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, mpaka shule zikafunguliwa na benchi likabaki tupu. Yeye aliacha siku ileile, akatapika siku mbili, akaapa kwamba harudii, na hakurudia. Mimi niliacha baadaye sana, kwa taabu ambayo sitaki kuisimulia.

Masika yalipoanza mama akaugua. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshakwenda mbali. Mdogo wangu akahamia Nyakato kumuuguza. Mimi nilikwenda kila Jumapili na mchele, na samaki, na chanuo langu, maana nilitaka walau nywele zake nizihudumie mimi. Jumapili ya kwanza nilimkalisha mlangoni penye mwanga, nikaanza kumchana taratibu kadiri nilivyoweza. Akanishika mkono.

"Mwanangu, mikono yako mizito," akasema. "Mwite mwenzako."

Mwenzangu akaja na mikono ya kuendeshea magari, akamchana mama, mama akasinzia. Mimi nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Nimemsuka mke wa mchungaji, nimesuka maharusi, wengine wametoka Magu na Sengerema kunifuata, na mama aliyenizaa anasema mikono yangu mizito. Roho iliniuma na iliendelea kuniuma kila Jumapili, kwa sababu kila Jumapili alimwita yeye.

Mwezi wa saba mdogo wangu akaitwa kwenye usaili wa mgodini, akapita. Alikuwa amebakiza vipimo vya afya tu, na kimojawapo kilikuwa cha nywele. Aliniambia jambo lenyewe kwa woga, tumekaa kibarazani kwa mama.

"Dada, wanapima kama umewahi kutumia madawa. Wanakata nywele. Zile za Krismasi zitaonekana?"

Nikamwambia nitamuulizia, maana nilikuwa na wa kumuuliza. Mteja wangu mmoja ni muuguzi, na kazi yake ni kuchukua sampuli za watu wanaoomba kazi migodini. Alipokuja kusuka nikamchokoza kidogokidogo, na yeye kwa kuwa anapenda kufundisha, akanifundisha.

"Wewe unaziona nywele kwa juu," akasema. "Unywele unaanzia ndani ya ngozi, kwenye shina, na pale kwenye shina damu inapita. Ukimeza kidonge, ukivuta bangi, ukijidunga, kinaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoulisha unywele wakati unajengwa. Kinafungiwa humo. Unywele ukitoka nje unatoka nacho."

"Na mtu akiosha?"

"Aoshe mpaka achoke. Wewe ukiosha samaki wa kayabo chumvi inatoka? Imeshaingia ndani. Akiweka dawa ya kulainisha au rangi itapungua, lakini haiishi. Na nywele zetu hizi nyeusi, dawa nyingine zinaushika huo weusi kabisa. Jasho nalo linaleta kidogo, hata moshi wa jirani unaweza kukushika kwa nje, ndiyo maana maabara wanaziosha kwanza."

Nikamuuliza wanakata wapi. Akajigusa kisogoni, chini kidogo ya utosi. Kishungi cha unene wa penseli, akasema, kinakatwa karibu kabisa na ngozi, kinafungwa kwenye foili, upande wa ngozini unawekewa alama, na bahasha inafungwa mwenyewe akiona. Unywele unakua sentimeta moja na kitu kwa mwezi. Wao wanapima sentimeta nne hivi kutoka ngozini, yaani miezi mitatu na ushee iliyopita. Kilichotangulia hapo kipo kwenye sehemu iliyo mbali zaidi na ngozi, ambayo hawaipimi.

"Hata kama ana nywele mpaka kiunoni?"

"Hata kama anazikanyaga," akasema, tukacheka.

Kwa hiyo nilijua. Nilihesabu kwa vidole huku namsuka: Desemba na Januari zilikuwa mbali, nywele zile zilikuwa zimeshasogea mbali na ngozi. Mdogo wangu alikuwa msafi. Nilimpelekea habari Jumapili iliyofuata, akanikumbatia, akaenda kumwambia mama kwamba kazi imepatikana. Mama akaniangalia akasema, "Umesikia? Mwenzako anakwenda mgodini." Nimesikia mama, mimi ndiye niliyeileta habari.

Swali moja sikumuuliza muuguzi: asiye na nywele kichwani anafanywaje. Nilijijibu mwenyewe. Nilidhani hapimwi, na asiyepimwa hapati kazi.

Mama alifariki mwishoni mwa mwezi wa nane. Tulimzika kijijini, upande wa Magu, karibu na maji. Kwetu wafiwa wa karibu wananyolewa siku ya kumaliza matanga. Sisi ni Wakristo, mchungaji alikuwepo na aliimba, lakini wembe nao ulikuwepo, hivi vitu viwili havijawahi kugombana nyumbani kwetu. Zamani kila mmoja alikuwa ananyolewa kichwa kizima. Siku hizi watu wamelegeza. Binti wa chuo, mtu wa ofisini, anakatwa kishungi kimoja nyuma ya sikio, na msiba unakuwa umeheshimiwa. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyesimamia. Alininyoa mimi kwanza kwa sababu ndimi mkubwa, halafu akanipa beseni la maji na nyembe mpya, kila mtu na wake, akasema niwanyoe waliobaki kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Mdogo wangu akaja akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Wanawake walikuwa wametuzunguka, na shangazi akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Huyu mkate kidogo tu, ana mambo yake ya kazi. Na ndiye aliyemuuguza mama yenu, Mungu amlipe."

Wanawake wakaitikia, kweli kabisa, amlipe. Mimi nimesimama pale kipara changu kinachomwa na jua, sikulipwa na mtu. Mchele wa kila Jumapili haukutajwa. Nilitazama nywele zake, nyingi, nzito, nilizokuwa nimezifumua mwenyewe siku mbili kabla, na yeye akainama, akaninong'oneza.

"Dada, hapa nyuma ya sikio tu. Za kisogoni usiziguse, ndizo wanazotaka."

Nilianzia kisogoni.

Nilimlowanisha kwa mkono mmoja na nikapitisha wembe kwa mwingine, mara moja, mpaka ngozi nyeupe ikaonekana. Alishtuka lakini hakuruka, maana ukiruka chini ya wembe unakatwa. Akasema polepole, "Dada, unafanya nini?" Nikasema, na nilisema kwa sauti ili wasikie, "Mama yetu si mama wa kishungi kimoja." Wanawake wengine nafikiri waliniona mtoto mwenye uchungu wa kweli. Nikaendelea mpaka nikamaliza kichwa chote. Alilia, na kwa kuwa ni msibani hakuna aliyeshangaa kumwona mtu analia. Shangazi peke yake alinitazama kwa muda, halafu akaokota zile nywele akazichanganya na za wengine, zikafukiwa nyuma ya nyumba ili zisije zikaangukia mikono ya watu wabaya.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Nilijua siku ya vipimo iko wiki tatu mbele na hakuna nywele inayoota sentimeta nne kwa wiki tatu. Jioni ile nilikula ugali vizuri kuliko siku zote za msiba. Nyani haoni kundule, lakini mimi langu nilikuwa naliona, nikaendelea kula.

Njiani tukirudi mjini alikaa kiti cha pembeni yangu, akaniuliza kama nilikuwa nimesahau. Nikamwambia nilikuwa na uchungu, sikuwa najielewa. Akasema, "Basi, dada. Wote tulikuwa na uchungu." Akaniegemea begani akalala. Mtu wa namna hiyo unamfanya nini? Angenitukana ningepona.

Siku ya vipimo alikwenda hivyohivyo, amejifunga kitambaa kichwani. Nilimsubiri saluni nikiwa nimeshapanga maneno ya kumpoza. Mchana akaingia anacheka.

"Wamechukua za miguuni," akasema, akapandisha sketi kidogo, nikaona mguu mmoja una kiraka kilichonyolewa. "Wamesema kama kichwani hakuna wanachukua popote zilipo. Wamekusanya kibunda cha kutosha."

Nilijitia kucheka naye. Moyoni nilichukia, nilichukia kabisa. Nikasema kimoyomoyo, hata hiyo miguu. Vinyweleo vilevile vilivyokuwa vinanikosesha amani ndivyo vilivyokwenda kumwokoa. Nilijua yuko safi, nilijua atapata, nikaanza kuzoea wazo kwamba ameshinda tena.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Alinipigia simu akashindwa kuongea, akaja mwenyewe, akakaa kwenye benchi la wateja. Wamekuta tramadol. Wakamuuliza ana cheti cha daktari, hana. Wakamuuliza alipewa na nani.

"Ukasemaje?"

"Nikasema nilinunua mwenyewe."

"Kwa nini hukunitaja?"

Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Ningekutaja ili iweje? Kazi ndiyo imeshakwenda." Halafu akapangusa macho akasema, "Bora hata ulininyoa, dada. Miguuni tu wamekuta, je, wangepima za kichwani? Ingekuwa aibu zaidi."

Sikuelewa. Nilikuwa nimehesabu kwa vidole vyangu mwenyewe, miezi mitatu na ushee, sasa Desemba imetokea wapi? Nilingoja wiki mbili mpaka yule muuguzi alipokuja, nikamkalisha, na kabla hata sijamchana nikamuuliza, bila kumtaja mtu, kama nywele za miguuni ni sawa na za kichwani.

"Sawa wapi," akasema. "Za kichwani zinakua muda wote, ndiyo maana tunaweza kuhesabu miezi. Za mwilini zinakua kidogo, zinasimama, zinakaa palepale kwa muda mrefu. Ukizipima hujui mwezi gani, unajua tu kwamba mwaka huu uliopita, mahali fulani, kilipita kitu. Mtu aliyeacha zamani, za kichwani zinamsamehe. Za miguuni hazimsamehi."

"Na zinasema alipewa na nani?"

Akacheka. "Zinasema nini. Zikijitahidi zinasema lini. Nani, hiyo muulize mwenyewe."

Siku ile nilimsukia mistari ya kombo, akajitazama kwenye kioo akaniuliza kama naumwa. Nikasema mgongo.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: kidonge nilimpa mimi, kishungi nilikinyoa mimi, na yeye ananishukuru. Kichwa chake kilikuwa kisafi kama nilivyokuwa nimemwambia. Wembe wangu ndio uliowateremsha mpaka miguuni. Ilitakiwa nimwambie jioni ileile. Sikumwambia, na sikunyamaza kwa sababu ya aibu tu. Nilinyamaza kwa sababu alibaki.

Alihamia kwangu, akaanza kazi saluni. Tulikuwa tunafungua pamoja, tunakunywa chai kwenye kikombe kimoja kirefu, tunawasengenya wateja kwa macho. Watu walikuwa wanasema tunafanana, hasa vile wote tulivyokuwa na nywele fupi za kufiwa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na kitu nisichokuwa nacho. Krismasi ikaja, tukasimama siku nzima bila kidonge hata kimoja, akanikanda mgongo usiku, akasema, "Tumeweza, dada." Nikawa karibu kusahau.

Wivu lakini haulali. Mwezi wa kwanza mteja wangu wa miaka mingi aliingia, akapita kiti changu, akakaa kwa mdogo wangu. Akasema usininunie, mwenzako mkono wake mwepesi. Wa pili naye hivyohivyo. Nilikuwa nasuka huku nasikia watu wanamsubiri yeye, kiti changu kitupu, na mimi ndiye mwenye saluni. Basi nikawa na mambo mawili kwa pamoja: simtaki aondoke na simtaki abaki.

Barua ya mgodini ilikuwa imemwambia anaweza kuomba tena baada ya miezi sita. Hakulitaja jambo hilo mpaka asubuhi moja ya mwezi wa nne, mvua inanyesha, hatuna mteja. Nywele zake zilikuwa zimeshaota vizuri, zinasukika. Akakaa kwenye kiti changu mwenyewe, akavuta kitambaa akajifunga shingoni.

"Ninyoe," akasema. "Zote. Wameniita tena wiki ijayo."

"Ninyoe nini?"

"Kipara. Nimeshafikiria. Miguuni nimenyoa, kwapani nimenyoa. Kichwani ukininyoa watapata wapi? Mara ile uliniokoa kidogo, sasa uniokoe kabisa."

Nilikuwa na mashine ya kunyolea mkononi. Niliiwasha, nakiri, niliiwasha, ikalia. Nilijua kinachofuata. Asiye na nywele mahali popote anaonekana ameficha, wanamrudisha nyumbani na pengine hawamwiti tena. Na zilizokuwa kichwani mwake pale, sentimeta nne zile za kuanzia ngozini, zilikuwa safi kabisa, zilikuwa kazi yake ya maisha yote. Nilitakiwa kufanya jambo moja tu, kumtii. Angekosa, angerudi kwenye kiti kile cha pili, angenishukuru tena.

Aliinamisha kichwa na kufumba macho kama mtoto. Nikaizima mashine.

"Sikunyoi," nikamwambia. "Nenda na nywele zako. Kichwani huna kitu, na hata mara ile hukuwa nacho."

Akageuka. Nikamweleza, nimesimama nyuma yake, namwongelea kwenye kioo kwa sababu uso kwa uso nisingeweza. Nikamwambia miezi mitatu ya kichwani na mwaka wa miguuni. Nikamwambia nilijua za kisogoni ndizo wanazotaka kabla hajaninong'oneza, na kwamba sikuwa na uchungu wa mama siku ile, nilikuwa na wivu. Nikamwambia wa nini: picha ya gari, mikono mizito, Mungu amlipe. Nikamwambia kwamba nimeyajua haya tangu wiki ya majibu na nimenyamaza miezi yote hii.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mvua ilikuwa inagonga bati, ikabidi niyarudie baadhi ya maneno, na kuyarudia kulikuwa kugumu kuliko kuyasema. Nilipomaliza akafungua kitambaa shingoni, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kiti.

"Mama alikuwa anakuita wewe usiku," akasema. "Akizidiwa. Alikuwa ananiita mimi kwa jina lako. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa nakuonea wivu."

Akachukua mwavuli wangu, akatoka. Sikumfuata. Nilikaa kwenye kile kiti mpaka mteja alipokuja akaniuliza kama nimefungua.

Alikwenda na nywele zake, wakakata kishungi kisogoni, majibu yakarudi safi. Sasa anaendesha lile gari. Anakaa mgodini wiki mbili, anarudi mjini wiki moja, na akirudi hafikii kwangu. Amepanga chumba Buzuruga. Nimesikia kuna mwanamke ana kibanda karibu na stendi, ndiye anayemsuka.

Juzi nilikwenda Buzuruga, najifanya natafuta nywele za bandia za jumla. Nikamkuta kweli, amesimama na begi lake, anasubiri basi. Kichwani ana mistari myembamba iliyonyooka, imeanza kwenye paji la uso ikaenda kukutana kisogoni bila kukosea hata mmoja. Aliniona. Maisha yetu yote alikuwa ananiita dada tu, hakuwahi kuniamkia, mimi na yeye hatukuwa watu wa kuamkiana. Akainamisha kichwa kidogo kwa heshima.

"Shikamoo," akasema.

Nikaitikia marahaba, kwa kuwa hakuna jibu lingine. Basi likaja, akapanda. Nikabaki naulizia kibanda cha yule mwanamke kiko wapi, nimwone ana mikono ya namna gani.